Barua kwa mdogo wangu anayetaka kuturudisha kwenye ile nyumba

Mdogo wangu,

Salamu sana. Shangazi kaniambia umeshaanza skripti ya sehemu ya pili ya filamu yako ya nyumba yenye majini, na kwamba safari hii majini watakuwa saba. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza.

Hao saba wapunguze. Aliyeona sehemu ya kwanza nyumba yako anaijua: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, choo uani, na ule mlango unaojifunga wenyewe. Mara ya kwanza ulihangaika kumtia hofu. Sasa anakuja nayo kutoka kwake. Ichukue hofu hiyo uigeuze. Ukimwongezea majini tu, atakaa kuhesabu.

Bongo tumejizoesha vibaya. Enzi za CD, filamu moja ilikatwa katikati ili iuzwe mara mbili, tukaamini sehemu ya pili ni ile nusu iliyobaki. Hadithi yako imeshaisha. Unachohitaji ni sababu mpya ya kutuingiza mle ndani.

Tazama tena Paranormal Activity 3 ya mwaka 2011. Kwenye zile mbili za mwanzo watu walishazoea kamera iliyotulia mahali pamoja, wakajua pa kukodolea macho. Waongozaji Henry Joost na Ariel Schulman wakaifunga kamera kwenye kitako cha feni, ile inayogeuka huku na huku. Inaonyesha sebule, inageuka taratibu kwenda jikoni, inarudi. Yaya amekaa, na nyuma yake kimesimama kitu kimejifunika shuka jeupe. Kamera inaondoka zake. Unataka kuishika uirudishe kwa mkono, lakini feni haina haraka na mtu. Kitisho chote kimo katika zile sekunde ambazo hakuna unachokiona. Baadaye mama mwenye nyumba anaingia jikoni, anakuta peupe, hakuna meza wala sufuria, halafu kila kitu kinadondoka kutoka darini. Feni ya namna hiyo nani hana Dar hii? Hapo wala hatuzungumzii bajeti.

Insidious ya pili, ya mwaka 2013, ilipita njia nyingine. Kwenye ile ya kwanza mlango uligongwa usiku na king'ora kikalia, hatukujua ni nani. Ya pili inaturudisha usiku uleule, ila sasa tuko upande wa pili wa mlango, na anayegonga ni baba mwenye nyumba mwenyewe. Tukio lile lile, limegeuka maana. Kwako pia kuna yule bibi aliyepita uani na ndoo bila mtu kumuuliza. Mrudie huyo.

Ila usieleze kila kitu. Poltergeist ya 1982 ilitosheka na nyumba zilizojengwa juu ya makaburi. Ya 1986 ikachimba zaidi, ikatuletea pango na waumini waliofia humo na historia ndefu, hofu ikapungua kila walipoeleza. Kilichobaki kichwani mwangu ni yule mzee mwembamba, aliyeigizwa na Julian Beck, amesimama mlangoni akiomba aingie. Mtu mmoja, mlango mmoja.

Sasa swali ambalo watazamaji wetu lazima waulize: kwa nini hawahami? Popobawa alipotikisa Unguja na Pemba mwaka 1995, watu walitoka wakalala nje kwa makundi. Sisi nyumba ikiwa na kitu hatuingii gizani na tochi kuuliza "nani huyo?" Tunaita shehe au tunahama. Jibu lake unalo mjini hapa hapa: kodi. Waingize wapangaji wapya, mume na mke na mtoto, waliolipa miezi sita kwa mkupuo, na dalali kashakula ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba harudishi hata shilingi. Wao hawajui kilichotokea mle, sisi tunajua. Halafu dalali awatembeze vyumba, na mke asimame kwenye kile cha mwisho kushoto, afungue dirisha, aseme, "Hiki kina hewa, mtoto alale hiki." Hapo hata usiweke muziki. Watu watapiga kelele wenyewe.

Kinanda chako cha mara ya kwanza kilikuwa kinatutangazia kila jini kabla hajafika. Weka mlio wa mita ya LUKU yuniti zikikaribia kuisha. Kila mtu anaujua na hakuna anayeupenda.

Kuhusu nyumba ya kurekodia, mama mkubwa bado ana hasira na ile rangi nyekundu ukutani. Nenda mwenyewe, usimtume mtu, mbebee samaki wa Feri, na umwambie kabisa mapema kwamba safari hii hakuna damu. Akikubali, feni nitakuazima mimi.

Kaka yako,
Sinza