Kabla hamjanunua miwani

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia mmepata fedha za kuyahuisha magofu kwa picha za kompyuta, ila hilo wazo la wenzako, kwamba kila mgeni avalishwe pale mlangoni miwani ya uhalisia pepe, ile inayoziba macho yote na kumwonyesha mtu picha za kompyuta tu, naona mlisimamishe kwanza.

Mtu aliyesafiri hadi kwenye magofu amekuja kuyaona. Ukimziba macho akishafika, si bora angebaki kwake? Miwani ina kazi pale pasipoingilika. Pango la Lascaux, Ufaransa, lilifungwa kwa wageni mwaka 1963 kwa kuwa pumzi zao zilikuwa zikiharibu michoro ya kale. Hapo sina ubishi. Lakini ukuta ukiwa bado umesimama, mpe mgeni skrini. Kule Cluny, nchini humohumo, kanisa kubwa la watawa lilibomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, kikabaki kipande tu. Wameweka skrini za kugeuzageuza: ukiielekeza penye uwazi unaliona kanisa zima, ukiinua macho ni anga tupu. Huko kulinganisha ndiko kunakomshtua mtu.

Kinachonikera zaidi ni ubunifu usiosema kwamba ni ubunifu. Fundi wa kompyuta hapendi pengo. Mpe ukuta usio na paa, atauezeka, atandike na mazulia, na mgeni ataondoka akiamini ndivyo palivyokuwa. Mkataba wa London wa mwaka 2009, unaohusu hasa kazi hizi za kuonyesha mambo ya kale kwa kompyuta, unataka ijulikane kipi kina ushahidi na kipi ni makisio. Ningekuwa mimi, chenye ushahidi ningekipa rangi zake, cha kukisia nikakiacha kijivu. Wenzako watasema haipendezi. Waache waseme.

Kuhusu kupiga picha za kuundia umbo la pande tatu: subirini siku ya mawingu. Kivuli cha jua kikinaswa kwenye picha hakitoki tena. Mtataka kuonyesha machweo huku ukuta una kivuli cha saa nne asubuhi. Kila picha iingiliane na inayofuata kwa zaidi ya nusu. Na vipimo vitunzeni hata onyesho likifa. Andrew Tallon, mwanahistoria wa sanaa, alilipima kanisa la Notre-Dame la Paris kwa leza kuanzia mwaka 2010, akafariki miezi michache kabla ya moto ulioliunguza Aprili 2019. Vipimo vyake vikawafaa waliolijenga upya.

Mkishikilia miwani basi, wekeni viti. Picha ikichelewa kidogo tu kufuata kichwa, mtu hushikwa na kizunguzungu, na si wazee peke yao. Muwe na vitambaa vya kufutia jasho la aliyetangulia. Kila kitu kipakiwe ndani ya vifaa, intaneti msiitegemee.

Halafu niambie: fedha za mradi zikiisha, nani atavichaji hivyo vifaa kila asubuhi, na kikiharibika kimoja kitatengenezwa kwa fungu gani? Nijibu hayo kabla hujanitumia orodha ya vya kununua.

Wako daima.