Tusiipite Taveta Tukiwahi Mpaka

Mhariri,

Wasafiri wengi wanaofika Taveta huwa na haraka ya kugonga muhuri wa pasipoti na kuvuka kwenda Holili, upande wa Tanzania, nami nilikuwa mmoja wao mpaka safari hii nilipoamua kukaa siku mbili.

Mji huu mdogo wa Kenya ulitekwa na Wajerumani mwezi Agosti 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ukabaki mikononi mwao hadi Machi 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalipowarudisha nyuma. Kilima cha Salaita, ambacho ukikitazama kutoka barabarani ni kama kichuguu tu, ndicho kilichowashinda wanajeshi wa Afrika Kusini, waliokuwa upande wa Uingereza, tarehe 12 Februari mwaka huo, baada ya kuwadharau askari Waafrika waliopigana upande wa Wajerumani. Hata reli ya kutoka Voi ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo.

Makaburi ya kijeshi yaliyopo mjini yametunzwa vizuri, kila jiwe na jina lake. Swali langu ni kuhusu wapagazi waliobeba risasi na chakula vichwani, wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, na ambao kumbukumbu yao kubwa, ajabu kweli, ni majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, yaliyotokana na “Carrier Corps”, yaani kikosi cha wapagazi.

Naomba wanaopanga ziara za huko wawaeleze wageni habari za wapagazi hao palepale Salaita, kabla ya kuwapeleka makaburini.

Msomaji wako,
Mpita njia wa Taveta