Barua kwa Baba: kazi yangu ni kupima pingili

Leamington, Ontario

Baba, shikamoo.

Mama ameniambia umenuna tangu uliposikia ninafanya kazi kwenye kitalu nyumba cha bangi. Sikulaumu. Kwetu bangi ni kesi na jela. Huku Kanada sheria imeiruhusu tangu tarehe 17 Oktoba 2018, na tunalima kwa leseni. Sivuti, Baba, wala sitaleta mbegu nyumbani. Nataka tu ujue ninachofanya kutwa nzima, maana ni kazi ya mkulima na wewe ndiye uliyenilea shambani.

Ninapima pingili. Nashika rula, naanzia kifundo linapotokea jani hadi kifundo kinachofuata, naandika. Mmea ukiwa mchanga majani hutoka mawili mawili yakitazamana. Ukikomaa huanza kupishana, moja huku, moja kule. Maua hukaa kwenye vifundo hivyo. Pingili zikiwa ndefu mno, shina huwa jembamba, maua huwa machache, matawi huinama. Zikiwa fupi mno, maua hubanana, hewa haipiti, na ukungu wa kijivu huyaozesha kutoka ndani. Ili mmea uchanue, taa zinazowaka saa 18 kwa siku tunazipunguza hadi saa 12, na wiki 2 au 3 za mwanzo unafyatuka hasa. Mwingine huongezeka urefu maradufu.

Nilidhani kinachorefusha mche ni kivuli tu. Kumbe jani bichi hunywa mwanga mwekundu, likaacha ule wekundu wa mbali ambao macho yetu hayauoni vizuri. Mche jirani huuhisi, ukajua umezungukwa hata kabla haujafunikwa, basi hukimbilia juu badala ya kunenepa. Mwezi uliopita tulichelewa siku chache kutenganisha vyungu, safu nzima ikarefuka. Na pingili ikisharefuka, haifupiki tena.

Nilisimama mbele ya safu ile nikaiona miche yako ya nyanya chini ya mparachichi. Miaka yote imekuwa myembamba, upepo wa Lushoto unailaza wiki ya kwanza tu shambani, nasi tunalaumu mbegu. Mbegu haina kosa, Baba. Kihamishe kitalu mahali peupe, sia kwa mistari, na ung'oe ya ziada mapema kabla majani hayajagusana, hata kama roho inauma. Kichanja cha nyasi kinachoikinga miche na jua usikiache hadi siku ya kuhamisha. Anza kukipunguza nyasi mapema, kidogo kidogo, miche izoee jua.

Pesa ya mbegu na mbolea nimemtumia Mama. Wasalimie wadogo zangu, na Bibi mwambie baridi nimeizoea.

Miche mipya ikifikisha majani manne, weka vidole kati ya kifundo na kifundo, kisha uniambie ni vidole vingapi.

Mwanao