Karafuu kabla ya tarehe 14

Dresden, Ujerumani, 3 Desemba

Shoga yangu Neema,

Hujambo? Mama hajambo? Na wale wapangaji wenu, bado wanawatoa jasho? Mimi mzima, ila mikono imepasuka kwa baridi, na najua nina deni la barua tangu Pasaka. Utanisimanga tukionana. Leo naandika mbiombio kwa sababu Mama Kelvin anapanda ndege tarehe 14, na kuna kitu nataka umpe kabla hajafunga begi: karafuu. Robo kilo. Za Pemba, zile ambazo bado zina vichwa.

Usicheke kwanza. Huku saa kumi jioni jua limeshazama, na watu badala ya kujifungia ndani wanakwenda kusimama nje! Soko la Krismasi la hapa, Striezelmarkt, lipo tangu mwaka 1434, na kila ukipita vibanda viwili vitatu kuna mtu anauza Glühwein, mvinyo mwekundu wa moto wenye viungo. Unaacha pesa ya kikombe, kama tulivyoacha pesa ya chupa ya soda kwa Mangi. Siku ya kwanza nilinusa karafuu, mdalasini na ganda la chungwa, nikaanza kutafuta pilau kwa macho. Halafu nikakumbuka jino la Bibi, na karafuu aliyokuwa akiishindilia humo huku analia.

Basi nikajifanya fundi. Nikautokosa mvinyo kama chai ya rangi, karafuu kiganja kizima, mkono wangu si unaujua. Mwarobaini mtupu! Bibi wa ghorofa ya chini alifuata harufu, akaingia, akanizimia jiko. Mvinyo hauchemshwi, akasema, kilevi chenyewe kinachemka kwenye nyuzi 78, maji bado hayajafika. Ukiona mvuke unapanda, punguza moto. Chupa moja, karafuu nne au tano, kijiti cha mdalasini, chungwa la kukata, sukari kidogo, kisha funika uache viungo vitoe ladha. Na chupa iwe ya bei ya kawaida, ya ghali utaiharibu bure.

Nimefuata yote. Mtamu, ila karafuu za huku zimekaa kwenye kichupa hadi zimesahau kwao. Nikiweka nne sizisikii, nikiweka kumi napata uchungu bila harufu. Ndiyo maana nakusumbua. Tarehe 26 wenzetu wanakuja kwangu na nimeshajigamba. Salma hanywi, kwa hiyo yeye nitampashia juisi ya tofaa na viungo hivyohivyo. Nikateleza ulimi kumwambia kwamba juisi hiyo huku wanawapa watoto. Kanuna mpaka leo.

Haya, majibu nayataka: soko la Majengo robo kilo siku hizi ni shilingi ngapi, nikutumie kwa simu? Zabibu za mzee zimeshika? Ule mvinyo wenu mkavu, huwezi kuujaribu hivi Juni, upepo wa Dodoma ukianza kukata masikio? Au mzee atasema nimekuharibu? Daudi karudi? Na ile kesi ya uzio?

Karafuu zifunge mifuko mitatu, tafadhali. Mama Kelvin bado ana kinyongo cha dagaa.

Wako,
Rehema