Barua ya wazi kwa mpwa wangu wa Lindi, kabla hujamtaja muuaji

Mpwa wangu,

Salamu zimfikie mama yako na wote hapo nyumbani. Huku Mtwara tu wazima, joto tu na vumbi la msimu wa korosho.

Habari nimezipata kwamba mko wasomaji saba mnaopokezana riwaya za upelelezi, na kwamba kila jioni ya kutoa maoni huisha kwa kununiana: mmoja anasema “kali sana”, wa pili “ya kawaida tu”, wa tatu anamtaja muuaji mbele ya wawili ambao hawajafika nusu ya kitabu. Barua hii naiacha wazi kwa sababu ugonjwa huo hauko Lindi peke yake.

Tuanze na huyo wa tatu. Anayemwaga mtama (wa kwenye methali, si Mtama ya njia ya Masasi) mara nyingi hajui kama kaumwaga. Kutaja jina ni njia ya kijinga kuliko zote, lakini zipo za kistaarabu. “Mwisho wake hutautarajia kabisa” ni mojawapo: msomaji akishasikia hivyo, anaacha kumtazama mwenye deni na kisu, anaanza kumtazama mpishi mpole ambaye hana kazi yoyote kwenye hadithi. “Isome vizuri sura ya harusi” ni nyingine. Hata “yule shangazi nilimpenda” yaweza kumwachia huru mshukiwa kabla kesi haijaanza. Maoni yaliyo salama hutoa mifano yake kwenye theluthi ya kwanza ya kitabu, na huko mbele hutaja kasoro bila kumtaja mtu: “Ukurasa wa 47 mpelelezi anaokota kitu, nasi hatuambiwi ni nini mpaka ukurasa wa 110.” Hapo umesema zito na hujamwibia mtu chochote.

Ni zito kwa sababu riwaya ya fumbo ni bao kati ya mwandishi na msomaji, na kete zote zinatakiwa ziwe juu ya ubao. Padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, aliandika kanuni 10 za mchezo huo mwaka 1929. Nyingine ni za mzaha, lakini mbili tatu mzishike: mhalifu awe ametajwa mapema, mpelelezi asifiche alichokiona, na jibu lisitoke kwa mizimu. Hiyo ya mwisho watu wa kwetu huibishia, wanasema uchawi ni sehemu ya maisha. Sawa, na uwemo kwenye hadithi: watu wauogope, waushuku, wakimbilie kwa mganga. Ila ukiwa ndio jibu, vidokezo vyote vya nyuma vimekuwa takataka. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilimaliza suala hili zamani. Kitabu chake cha kwanza cha mpelelezi Bwana Msa, kilichotoka 1960, kina neno “mzimu” kwenye jina lenyewe, na maiti inakutwa hukohuko mzimuni, lakini Bwana Msa na kiko chake anatafuta mkono wa binadamu.

Sasa dawa ya “kali” na “ya kawaida”. Tafuteni kopo la maziwa lenye kifuniko. Kitabu kikiwa na kurasa 120, wekeni alama ukurasa wa 90, yaani robo tatu. Kila msomaji akifika hapo anasimama, anaandika kwenye kikaratasi mambo matatu: nani, kwa nini, na ukurasa uliomwonyesha. Anakunja, anatumbukiza, ndipo anaendelea. Mkikutana mnafungua. Jina sahihi lisilo na ukurasa ni kubahatisha, halihesabiki. Wapo waliozoea kumchagua mtu mpole kuliko wote, nao hupatia mara nyingi bila kuelewa chochote.

Matokeo yanasomeka hivi. Wote saba wamempata: vidokezo vilikuwa uchi mno. Wawili au watatu wamempata kwa sababu zenye kurasa: mwandishi fundi. Hakuna aliyempata: hapo msikimbilie kusifu. Rudini kurasa 90 zile mvitafute vidokezo mkiwa mnajua jibu. Mkiviokota vitatu, mlilala ninyi. Msipoona hata kimoja, mwandishi amewaibia, na hayo ndiyo maoni ya kuyasema kwa sauti. Kidokezo kizuri, nikuonye, hufichwa katikati ya orodha. Ukiona mwandishi anataja vitu vitano mezani, jicho la msomaji hukamata cha kwanza na cha mwisho; kisome cha tatu.

Kopo hilo lakini halifai kwa kila riwaya, na nusu ya ugomvi wenu nadhani unatoka hapa. Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, hakuletwa duniani ili tumtafute muuaji. Tangu Kufa na Kupona ya 1974, adui kwake anaweza kujulikana mapema. Swali ni atatokaje humo akiwa hai. Kumpima kwa vidokezo ni kumlaumu pweza kwa kukosa magamba. Riwaya ya namna hiyo ipimeni kwa vitu vingine: kila sura inaacha hatari kubwa kuliko ilivyoikuta? Shujaa analipa kitu kwa kila ushindi, au risasi zinamkwepa kwa adabu? Mahali mtu alipokiweka kitabu chini akaenda kulala ndipo taharuki ilipokatika, basi kila mmoja aandike ukurasa huo. Wanne wakitaja ukurasa mmoja, tatizo si usingizi.

Halafu kuna ukweli wa nje ya kitabu, na hapa watu wa pwani mna macho ambayo wasomaji wa bara hawana. Maji huchukua saa sita na dakika chache kutoka kujaa hadi kupwa, na kila siku husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo baada ya wiki moja, saa ileile iliyokuwa ya kujaa inakuwa ya kupwa. Shahidi anayedai alivuka mkono wa bahari kwa miguu Ijumaa mbili mfululizo, saa ileile, pale ambapo maji yakijaa humpita mtu kimo, ama anadanganya ama mwandishi ni mtu wa Dodoma. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama. Ukichomoza saa sita za usiku, mshikeni mwandishi. Barabara nazo zina miaka yake: Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, kabla ya hapo gari lilisubiri kivuko, na Daraja la Umoja juu ya Ruvuma ni la 2010. Muuaji wa 1995 anayetoka Dar usiku na kufika Lindi alfajiri bila kusimama mtoni, kisha akakimbilia Msumbiji kwa gari juu ya daraja, hajawahi kuwepo. Bastola ya silinda haitemi maganda ya risasi, hubaki ndani mpaka mtu ayatoe. Na angalieni sana saa: “saa tatu usiku” ya shahidi ni 21:00 kwenye simu ya marehemu. Mwandishi makini huigeuza tofauti hiyo kuwa mtego. Mzembe huanguka humo mwenyewe.

Mwisho, kitabu chenyewe, maana kwa watu saba, siku tatu kila mmoja, nakala moja inazunguka siku 21. Penseli marufuku. Anayepigia mstari kidokezo amewasomea wenzake sita. Vile vijitabu vya zamani vilivyobanwa kwa pini katikati, hewa ya bahari huzitia pini kutu, na karatasi ya nje ndiyo hutangulia kudondoka. Kwenye kijitabu cha kurasa 64, karatasi hiyo moja imebeba ukurasa wa 1, 2, 63 na 64. Ukiona mwanzo unalegea, ujue muuaji naye yuko njiani kutoka. Toa pini zenye kutu, tia uzi na sindano kwenye matundu yaleyale, na usikihifadhi kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, unyevu unabaki humo na ukungu unaanza. Vya gundi visianikwe juani. Gundi hukauka, hupasuka, na kurasa za mwisho huanza kuchomoka mojamoja. Kabla kitabu hakijaanza mzunguko, mmoja ahesabu kurasa za mwisho kwa namba tu, bila kusoma.

Kopo akae nalo yule asiyewaamini wenzake.

Mjomba wako,
Mtwara