Komeo lile usiling'oe

Mwanangu mpenzi,

Natumai u mzima na masomo yanakwenda. Hapa Columbus, Marekani, hatujambo, ila mdogo wako ana mafua.

Jana uliponipigia ulikuwa na hasira, nami sikutaka tugombane kwenye simu. Umeomba kadi ya krediti, benki imekujibu kwamba haikuweza kuiona ripoti yako ya krediti, yaani rekodi ya madeni yako, ukaja kugundua imefungwa na aliyeifunga ni mimi. Ni kweli. Niliifunga ukiwa na miaka 11, na ilikuwa haki yako kuambiwa kabla hujaondoka nyumbani. Kwa hilo nisamehe. Lakini uliposema utaifungua isifungwe tena ili yaishe, usingizi ulinipaa.

Huenda unaikumbuka ile barua ya mwaka 2016, maana uliyenisomea ni wewe. Bahasha nyeupe yenye kidirisha cha plastiki, jina langu kwa herufi kubwa, na chini yake deni la dola 1,140 la simu zilizochukuliwa katika jimbo ambalo sijapata kulikanyaga. Ulikuwa na miaka 9. Ukainua macho ukaniuliza, "Mama, ulinunua simu tatu?" Mimi mkononi nina kile kisimu changu chenye kioo kilichopasuka.

Mtu alikuwa ametumia jina langu na namba yangu ya Social Security, ile ya serikali inayomtambulisha mtu. Nilihangaika miezi saba: polisi kuandikisha taarifa, barua huku na huku, na kila mapumziko ya kazini nimeshika simu nasikiliza muziki wa kusubiri. Ile nyumba karibu na shule yako tuliyoipenda, yenye kibaraza, tulinyimwa kwa sababu ya deni hilo. Wewe nilikwambia imeshapangishwa. Ndiyo maana tukabaki ghorofa ya tatu mwaka mwingine mzima.

Mpaka leo sijui namba ilivujia wapi. Nakala ya kadi yangu yenye namba hiyo nilishaitoa kwa wengi mno: wenye nyumba, kazini, hata kwa aliyekuwa akitujazia fomu za kodi ya serikali sebuleni kwake. Halafu mwaka 2017 ikatangazwa kwamba Equifax yenyewe, moja ya zile kampuni tatu zinazotunza rekodi za madeni ya watu, imeibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Marekebisho ya programu yao yalikuwa yameshatolewa, hawakuyaweka kwa wakati. Hapo nikaelewa kwamba hata ningeificha kadi yangu chini ya godoro, namba tayari iko kwao.

Septemba 2018 sheria mpya ikafanya kufunga ripoti kuwe bure nchi nzima, na mzazi akaruhusiwa kumfungia mtoto aliye chini ya miaka 16. Sikungoja. Nilituma bahasha tatu, Equifax, Experian na TransUnion, na ndani ya kila moja nakala ya cheti chako cha kuzaliwa. Moja haitoshi, mwanangu. Kila kampuni ina mlango wake, na mwizi hujaribu yote.

Kufunga huko hakushushi hata moja ya alama wanazokupa wakopeshaji wakupime, wala hakugusi kadi uliyo nayo tayari. Kunazuia jambo moja tu: mtu asifungue deni jipya kwa jina lako, kwa kuwa mkopeshaji asiyeweza kuona ripoti kwa kawaida hatoi mkopo. Mwenye kuiba namba ya kadi uliyo nayo bado anaweza kuitumia, kwa hiyo taarifa za benki zisome kila mwezi.

Basi usiling'oe komeo, lilegeze. Sasa una miaka 18, mwenye mamlaka ni wewe. Thibitisha kitambulisho chako kwa kila kampuni na ufungue akaunti yako mwenyewe. Ukishaipata, unaomba mtandaoni au kwa simu wafungue kwa siku chache unazotaja, nao kisheria wana saa moja tu. Siku zikipita inajifunga. Waulize benki wanatazama kampuni gani kati ya tatu, ufungue hiyo peke yake.

Kuna jambo jingine, na hili linanikereketa kuliko mwizi nisiyemjua. Utakuja kuombwa jina lako na mtu wa kwetu. Atakuwa mjomba au rafiki wa msikitini, umeme wake umekatwa, ana watoto, atakwambia auandikishe kwa jina lako kwa mwezi mmoja tu. Niliombwa hivyo juu yako ukiwa na miaka 7, na aliyeniomba alikuwa amenipokea uwanja wa ndege siku ya kwanza nchini humu. Nilimpa pesa niliyokuwa nayo, namba yako sikumpa. Alininunia mwaka mzima. Nawe fanya vivyo hivyo: ukiwa na dola ishirini mpe, mwambie kwa heshima, "Shikamoo mjomba, jina siwezi." Ukishindwa kulisema, sema mama amekataza. Lawama nitazibeba mimi.

Barua tatu ambazo kampuni zile zilinijibu wakati ule nimezibana pamoja humu ndani, na kadi yako ya Social Security nimebaki nayo kwenye lile sanduku la bati. Usitembee nayo kwenye pochi. Nipigie Jumapili nikitoka zamu, saa nane mchana, uwe na kompyuta mbele yako. Tuanze na Equifax.

Mama yako