Picha za Mtandaoni na Vimelea vya Wanyamapori

Mhariri,

Mwaka 2020 watafiti walitangaza aina mpya ya kuvu iishiyo kama kimelea mwilini mwa majongoo, Troglomyces twitteri, baada ya mmoja wao kuona vidoadoa vyeupe karibu na kichwa cha jongoo wa Marekani katika picha iliyowekwa Twitter, na kuvithibitisha kwa majongoo waliohifadhiwa makumbusho.

Naomba basi wapiga picha za wanyama wasifute zile wanazoziona mbaya, zenye kupe shingoni au manyoya yaliyonyonyoka kwa upele, bali waziweke pamoja na tarehe na mahali, ila mahali pasitajwe kwa wanyama wanaowindwa na majangili, kama faru. Kuhesabu wanyama walioambukizwa kwa picha pekee, hata hivyo, ni kujidanganya, kwa kuwa watu hupiga picha kule wanakofika tu.

Msomaji wako